Kwa Kinywa cha Ndyamukama

Kimuli, Kyerwa
16 Februari 2025

Ainebyona,

Salamu utazikuta mwishoni kama nafasi itabaki. Kwanza maneno.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Watu hapa wanadhani kile nilichopata kwenye kisomo cha watu wazima kimeshanitoka kichwani. Waache wadhani. Umeniandikia habari za uji wenye vidudu na matroni anayewakagua kucha. Uji chuja, kucha kata. Hayo si ya kumwandikia bibi yako. Nilikuuliza jambo moja, ukalizunguka kama kuku anayezunguka mtego.

Nauliza tena. Mzee Kashaija, mkuu wa ukoo, ametangaza kwamba irage ya babu yako itasemwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili, siku ya kuondoa matanga. Irage unaijua, lakini huko shuleni mnajazwa mengine, kwa hiyo nakukumbusha: ni maneno ya mwisho ya mwenye kibanja, anayoyatoa akijua anaondoka, na aliyeyasikia ndiye anayeyabeba. Mimi siku ile nilikuwa nimekimbilia kwa mchungaji. Niliporudi babu yako alikuwa ameshanyamaza. Mliokuwa naye ni wewe na jirani yetu Benjamin, aliyekuja kutupasulia kuni. Sasa Benjamin anatangaza kila penye pombe ya rubisi kwamba yeye alikuwa nje, hakusikia kitu. Mtu mzima na ndevu zake. Nilimkuta kisimani nikamuuliza, akaniambia, "Mama Placidia, masikio yangu siku hizi ni mabovu." Nikamwambia mbona mlio wa chupa anausikia kutoka ng'ambo ya bonde.

Kwa hiyo umebaki wewe.

Irage isiposemwa, kibanja, nyumba na migomba yake, kinarudi kwa ndugu wa marehemu, yaani shemeji yangu Adelard. Ameshaanza kupita kwenye migomba yangu akiipapasa kama mtu anayechagua kitambaa. Mimi nitarudi kwetu nilikozaliwa, Kamuli, nikamwamkie nani? Wote niliowaacha kule wako chini ya udongo.

Ukija, ujue ukoo huu unavyofanya. Aliyesikia hasemi "babu alisema hivi, babu alisema vile". Huo ni umbea wa sokoni. Anasimama pale palipokuwa kitanda, anasema kama marehemu mwenyewe: "Mimi Ndyamukama." Maneno yale yale, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Iliposemwa irage ya baba mkwe wangu, mama mkwe aliitikia kwa sauti kama anamwitikia mumewe, na hakuna aliyecheka.

Wewe uliniambia babu yako alisema nibaki hapa. Vizuri. Hilo tu? Mtu aongee muda wote ule na wewe uniletee neno moja?

Barua hii anaileta Hatibu, yule muuza mitumba anayezunguka magulio ya huku na huko. Na ya kwako mpe yeye. Simu yangu imekufa, na ya Benjamin ina masikio hata kama mwenyewe hana.

Nafasi imekwisha. Salamu chukulia umepata.

Bibi yako,
Placidia Kokubanza


Bweranyange, Karagwe
23 Februari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, naendelea na masomo. Barua yako Hatibu aliniletea getini akaniambia hujambo ila una maneno makali.

Bibi, usinikasirikie. Nilitaka kuuliza kama Benjamin anaweza kuombwa tena, labda na mchungaji. Yeye ni mtu mzima, watu watamwamini kuliko mtoto wa Kidato cha Pili. Au kama lazima iwe mimi, naomba niyaseme kwa namna nyingine. Kwenye Kiingereza mwaka huu mwalimu wetu, Madamu Uwiduhaye, anatufundisha kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Unachukua maneno ya mtu yakiwa kwenye alama za kufungua na kufunga, unaziondoa zile alama, kisha unabadilisha. "Mimi" inakuwa "yeye". "Leo" inakuwa "siku ile". "Hapa" inakuwa "pale". "Nitakuja" inakuwa "alisema angekuja". Ni adabu nzuri, Bibi, kwa sababu maneno yanakuwa mbali kidogo na wewe unayeyasema. Nikisimama nikasema "babu alisema kwamba", si itatosha?

Babu mdogo Adelard alikuja kunitembelea Jumapili iliyopita. Aliniletea mkate na soda. Alisema kwamba nimekua, kwamba nisome kwa bidii niwe na akili, na kwamba njia ya kutoka barabarani mpaka nyumbani ni ndefu kwa msichana anayetembea peke yake. Akasema pia kwamba mambo ya irage ni mazito kwa watoto. Ndiyo hayo tu.

Umeuliza kama Babu alisema kingine. Alisema uwe mwangalifu na moto. Tafadhali, Bibi, uwe mwangalifu na moto, hasa ukilala. Na kama inawezekana, mtu aje alale na wewe.

Naomba uniombee.

Mjukuu wako mtiifu,
Ainebyona


Kimuli
2 Machi 2025

Ainebyona,

Umenichekesha na umeniudhi, na yote mawili kwa karatasi moja.

Moto. Mimi nimepika kwa mafiga tangu mama yako hajafikiriwa. Nimepika harusi, nimepika misiba, nimepika siku askofu alipokuja kubariki kanisa, na hakuna hata unyusi ulioungua. Babu yako ndiye aliyekuwa anaangusha kiko kwenye nyasi, si mimi. Kama alikata roho akiniagiza habari za moto basi homa ilikuwa imempanda. Mwanaume anaacha dunia na neno lake kwa mkewe ni jihadhari na jiko. Nilikasirika siku nzima.

Na mtu wa kulala na mimi nimtoe wapi? Nyumba bado ina nyasi za matanga chini, tangu ukutani mpaka mlangoni, zimeshakauka zinalia kama karatasi ukizikanyaga. Mila inataka zikae mpaka Aprili. Nalala juu yake peke yangu kama mjane anavyotakiwa, na nasinzia vizuri.

Sasa tuje kwa huyo mwalimu wako. Simjui, inawezekana ni mtu mwema, na Kiingereza kina njia zake, Wazungu wafanye wanavyotaka na maneno yao. Lakini mtoto, wewe umenigeuzia maneno ya Adelard, na nimeyaona yamegeuzwa. Adelard hajawahi kumnunulia mtu mkate. Babu yako alipolazwa alikuja mikono mitupu, akala ndizi za mgonjwa. Halafu mtu huyo apande pikipiki kutoka Kimuli mpaka Bweranyange kukuambia usome kwa bidii? Hata wewe huamini, ndiyo maana umeandika "ndiyo hayo tu". Mtu aliyesema yote haandiki ndiyo hayo tu.

Nataka maneno yake kama yalivyotoka mdomoni. Akisema "wewe", andika "wewe". Akicheka, andika alicheka. Weka hizo alama zenu.

Habari za huku. Yule mbwa wetu mwekundu amekufa. Nilimkuta amelala kwenye kahawa, ulimi nje, hana jeraha. Alikuwa mzee. Halafu kuna mtu ananifanyia wema na hataki kusema: kila nikiamka nakuta majani makavu ya migomba yamerundikwa nyuma ya nyumba, yamebanwa ukutani vizuri, usawa wa dirisha la chumbani. Nilidhani ni Benjamin, dhamiri imemsuta, ananiletea majani ya kutandaza shambani kabla ya masika. Nikamshukuru. Akaruka kama amekanyaga siafu, akasema si yeye. Basi hata wema anauonea aibu. Nimeyaacha pale pale, nitayatandaza mvua ikikaribia.

Jibu swali. Usinizungushe.

Placidia Kokubanza


Bweranyange
5 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo. Toka ndani ya hiyo nyumba. Leo hii, ukimaliza kusoma. Yale majani usiyaguse, na usirudi ndani kuchukua nguo.

Nimemwomba Hatibu asipite popote, aje kwako moja kwa moja. Nimemlilia getini mpaka mlinzi akanikaripia.

Babu alisema haya. Nayaandika kama alivyosema, nisamehe.

"Aine, sogea. Kibanja hiki ni cha Kokubanza mpaka afe, asiguswe. Lakini mwambie asilale humu peke yake. Adelard ameniambia hapa hapa kitandani, 'Ukifa na yule mwanamke aking'ang'ania, nitamchoma na nyumba yake.' Yule ni mdogo wangu. Namjua tangu ananyonya. Hasemi ovyo. Namwogopa mdogo wangu, Aine."

Benjamin alikuwa mlangoni amebeba kuni. Zilimwanguka. Alisikia yote.

Na Babu mdogo alipokuja hapa shuleni alisema hivi. Alinishika hapa nyuma ya shingo kama anavyoshikwa sungura, huku anatabasamu, wenzangu wakadhani ananipenda.

"Umekua, Aine. Wenzako wakishuka kwenye gari wanapokelewa. Wewe unashuka njia panda peke yako, na migomba pale ni mingi, mtu akiita hasikiki. Mtoto anayesema kwa kinywa cha maiti, maiti humwita. Soma. Uwe na akili."

Kisha akanifungulia soda kwa meno, akasimama mpaka nikainywa yote.

Nilijiambia nikikwambia uwe mwangalifu na moto nitakuwa nimekuonya, na sitakuwa nimesema. Toka, Bibi.

Aine


Kimuli, nyumbani kwa Hatibu
9 Machi 2025

Aine,

Nimetoka.

Hatibu alinikuta nachambua maharage. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikayaangalia yale majani. Yalikuwa yameongezeka. Mtu alikuwa ameyapanga, mtoto, makubwa chini na laini juu, kama unavyopanga moto wa kuchoma matofali. Na mimi nilikuwa nashukuru.

Nalala kwa Hatibu na mkewe Adija, katikati ya marobota ya mitumba. Mlutheri mimi, alfajiri naamshwa na adhana, na siongezi neno. Adija ananipa chai ya tangawizi na haniulizi kitu. Usiku mvua ikigonga bati nakaa kitako.

Nimekukaripia sana. Sikuombi radhi, umenificha jambo ambalo mtu hamfichi bibi yake. Lakini nilipokuwa nakuita uje usimame mbele ya watu, sikujua nakuitia nini. Sasa najua. Usije.

Umesikia? Usije Aprili. Kaa huko ndani ya ukuta, na siku ya kufunga shule usishuke njia panda, nitamtuma Hatibu akuchukue mlangoni pa bweni. Kibanja akichukue. Nimepanda kila mgomba ule kwa mikono yangu, mibuni naijua mmoja mmoja kama watoto, lakini mgomba hauendi shule. Nitamwambia mzee Kashaija kwamba mtoto hakumbuki kitu. Nitakaa hapa, nitamsaidia Adija kukunja nguo.

Babu yako alimwogopa mdogo wake. Miaka yote ile tumelala kitanda kimoja na hakuniambia. Nilikuwa namwona akimpa Adelard kiti chake, nikadhani ni upole.

Naogopa, Aine. Nimeliandika nikatazama kama kalamu itakataa.

Bibi yako


Bweranyange
16 Machi 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi umetoka. Nimelala vizuri usiku mmoja, kisha nikaacha tena kulala.

Usikasirike. Nimemweleza Madamu Uwiduhaye.

Tulifanya jaribio la usemi wa taarifa nikapata yote. Aliniita mbele wenzangu wanipigie makofi, mimi nikaanza kulia. Baadaye alinipeleka nyuma ya maktaba akauliza, nikamwambia toka mwanzo. Nilimwambia kwamba hesabu ile ya kugeuza niliijua kabla hajatufundisha, kwa sababu tangu msibani ndiyo niliyokuwa naifanya kwako. Hakucheka. Aliuliza, "Huyo babu yako mdogo, akiwa mbele ya ukoo wake, anaogopa nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mtu anayepanda pikipiki kuja kumtisha mtoto anaogopa kitu ambacho mtoto anacho."

Amezungumza na mkuu wa shule. Nimepewa ruhusa. Madamu mwenyewe atakuja na mimi, tutapanda gari moja, na tutashukia kwa Hatibu, si njia panda.

Umesema nisije. Bibi, nikikaa huku, anajua nimekaa kwa sababu ya ile soda. Mwaka ujao akitaka kitu kingine atanunua nyingine. Na Benjamin ataendelea kuwa kiziwi, na wewe utakunja nguo za watu. Kisha mimi nitarudi likizo wapi?

Najifunza maneno bafuni, maji yakiwa yanatiririka ili wasinisikie. Nikifika "Namwogopa mdogo wangu" sauti inakuwa ya Babu kweli, ile ya kukwaruza. Adelard simwogopi kama ninavyoiogopa hiyo. Je, ni kweli maiti humwita mtu? Nijibu ukweli hata kama ni mbaya. Na nikisimama pale nimtazame nani?

Mjukuu wako,
Aine


Kimuli, kwa Hatibu
23 Machi 2025

Ainebyona,

Wewe ni mkaidi, na ukaidi huo najua ulikoutoa.

Nilikuwa nimeandika barua ya kukukataza mara ya pili, kali kuliko ile. Nimeichana. Sababu nakupa.

Jiko letu limeungua. Lile la nje, la nyasi. Lilianza kuungua wakati watu wako kanisani, na mimi nikiwa kanisani nao, nimeketi benchi la mbele wote wananiona. Tulipofika limebaki mafiga. Nyumba haikushika kwa sababu siku Hatibu aliponileta, yeye na Adija walishayaondoa yale majani ukutani na kuzitoa nyasi ndani. Najua mila inasema zikae. Nitaieleza mila siku nyingine.

Adelard alikuja kuniona nimesimama kwenye majivu. Alisema, "Pole, shemeji. Wazee mnasahau kuzima." Mbele ya watu wote. Na watu wakatikisa vichwa, wakanihurumia. Mimi, Placidia, wa kusahau kuzima. Nilikwenda kwa mtendaji wa kata, kijana mwenye adabu, akaniuliza, "Mama, ulimwona?" Sikumwona. Akasema bila wa kumwona hana pa kuanzia, lakini siku ya irage atakuja akae asikilize.

Kwa hiyo nimeelewa. Nikimwachia kibanja hataacha. Ameshanifanya kikongwe mbele za watu, na kikongwe akiungua hakuna anayeuliza.

Njoo.

Sikiliza sasa. Usile asubuhi. Vaa sare ya shule, usivae khanga yangu, waone wewe ni nani. Simama magharibi ya nguzo, pale palipokuwa kichwa cha kitanda. Hukuuliza kama utaje jina la Adelard, nakuambia litaje, babu yako alilitaja. Usimtazame mtu. Tazama chini au fumba macho, ni ruhusa, mama yangu mdogo alisema irage nzima macho yamefumbwa. Usiongeze neno la kunisifu wala la kunihurumia. Usipunguze la kumwonea haya babu yako. Kama aliogopa, aogope mbele ya watu.

Umeuliza kama maiti humwita mtu. Nimezika wazazi, kaka, watoto watatu na mume. Hakuna aliyeniita. Ningependa mmoja angeita.

Usiku sasa tunaweka beseni la vyombo nyuma ya mlango ili likianguka tusikie. Jana lilianguka lenyewe. Adija alishika panga, mimi nikashika pasi ya mkaa. Alikuwa paka. Tulicheka mpaka Hatibu akaamka, kisha hakuna aliyeweza kulala.

Mshukuru mwalimu. Mwambie nitampikia.

Bibi yako,
Placidia Kokubanza


Kimuli, nyumbani kwangu
13 Aprili 2025

Ainebyona,

Nimepata salamu zako kwa Hatibu. Amesema umekonda. Kula.

Unauliza kilichotokea ulipotolewa nje. Mwalimu wako alikwambia nusu, na nusu yenyewe kwa lugha yenu ya kugeuza, "inasemekana alikiri". Sasa nakupa yote kama nilivyoyasikia, maana wewe ulifumba macho, na ulipomaliza ukatapika kwenye viatu vya mzee Kashaija, mwalimu akakubeba. Viatu vimeoshwa. Hana kinyongo.

Uliposema "Mimi Ndyamukama" watu walinong'ona kidogo, uliposema "sogea" wakanyamaza. Ilikuwa sauti yake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hiyo. Nilimtazama Adelard tu. Alikuwa amekunja mikono anatabasamu, nadhani alikuwa na jibu lake tayari, kwamba mtoto amefundishwa, mtoto anasema eti. Lakini wewe hukusema eti. Ulipofika kwenye "yule ni mdogo wangu, namjua tangu ananyonya", mikono ikafunguka. Ulipofika kwenye "namwogopa mdogo wangu" hakuwa anakuona wewe tena. Sijui alikuwa anamwona nani.

Ukaanguka. Mwalimu akakubeba. Na ndipo Adelard akajibu pale palipokuwa kitanda, mahali patupu, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa na mkubwa wake:

"Kaka, nilisema kwa hasira. Nawe ulishaniahidi nusu. Jiko tu ndilo nililochoma, kaka. Nyumba sikuigusa."

Mtendaji wa kata alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika, alisahau. Mzee Kashaija ndiye aliyemwambia, "Kijana, andika." Adelard akazinduka. Akaanza, mimi sikusema, mimi nilikuwa nasema kama mfano. Ndipo Benjamin akasimama, machozi yanamshuka kwenye ndevu, akasema, "Na mimi nilisikia. Yote aliyosema mtoto. Nilikuwa mlangoni." Nilimwambia masikio yamepona lini. Haikuwa mahali pake lakini nilikuwa nimeyabeba siku nyingi.

Kibanja ni changu mpaka nife. Limesemwa mbele ya ukoo. Polisi walimchukua kesho yake, wamemhoji, na sasa yuko nje kwa dhamana, kesi itatajwa mwezi ujao. Ameambiwa asikanyage kwangu.

Nimerudi nyumbani. Benjamin ananijengea jiko jipya, la bati, bila kuombwa, na simshukuru mpaka limalizike.

Hili lingine nakwambia kwa sababu umeniuliza kama sasa niko sawa, na nimekukataza kuficha, kwa hiyo na mimi sifichi.

Juzi mchana nilikuwa napalilia karibu na mpaka. Nikainua kichwa, Adelard amesimama upande wake. Hakuvuka. Amekonda kama wewe. Alinitazama, mimi nikashika jembe vizuri. Akasema, "Shemeji, kaka bado ana hasira?"

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe."

Akageuka akaenda. Nilimtazama mpaka mgongo wake ukapotea kwenye migomba. Nilikaa chini kwenye majani, jembe mapajani, na sikuweza kunyanyuka. Mtoto wa jirani alipita akaniamkia, nikaitikia nimekaa, nikajifanya nachambua magugu. Sijui alitaka msamaha au alikuwa anapima kama niko peke yangu. Nimeyageuza maneno yale kila upande na bado sijui.

Shule ikifungwa Hatibu atakuja kukuchukua, usiondoke na mtu mwingine hata akitaja jina langu. Utalala na mimi kitanda kimoja. Wewe upande wa ukutani, mimi upande wa mlango.

Bibi yako,
Placidia Kokubanza